Kocha anamtaka Juni, mechi ya kwanza ni Novemba

Swali kutoka kwa mama mmoja wa Mombasa:

"Mwanangu wa pili ana miaka 19, alimaliza kidato cha nne Novemba iliyopita. Mpira wa kikapu ameanzia Makande, na sasa amepata nafasi ya kusoma na kucheza kwenye chuo kimoja cha Marekani kilicho daraja la kwanza la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huko. Kocha wake anasisitiza afike mwanzo wa Juni. Nimetazama kalenda ya chuo: masomo yanaanza mwisho wa Agosti, mechi ya kwanza ni Novemba. Miezi mitano yote hiyo kocha anafanya nini na mtoto wa watu? Si ndiyo likizo yake? Na mimi nikiwa huku, ni nani wa kumwangalia? La mwisho, viatu vyake ni namba 49. Nimezunguka Kongowea mpaka miguu imevimba. Nimnunulie kabla hajaondoka, au huko atapewa?"

Dada yangu, hongera kwa kijana, na hongera kubwa zaidi kwa kuifungua hiyo kalenda. Wazazi wanaoniandikia huuliza mtoto atacheza dakika ngapi na baridi ya huko ikoje. Wewe umeuliza habari ya Juni. Mimi nilicheza huko miaka minne, nikabaki miaka saba nikiwa kocha msaidizi kwenye vyuo viwili kabla ya kurudi Tanga, na nakwambia hivi: kocha wa chuo humjui Januari. Januari wote wamevaa vizuri, wote wanapiga kelele pembeni mwa uwanja, wote wanaonekana kuwapenda vijana wao kama wamewazaa. Unamjua kati ya Aprili na Oktoba, kamera zikishaondoka.

Likizo anayo, ila ni ya kudokoa: wiki mbili za Agosti akibahatika, na simu iko mkononi hata akiwa ufukweni. Mashindano makubwa ya NCAA, yale ya timu 68, huisha mwanzoni mwa Aprili. Daraja la kwanza lina vyuo zaidi ya 350, kwa hiyo kwa walio wengi msimu umeshakufa wiki kadhaa kabla ya fainali. Kesho yake kocha anaanza kuwaita wachezaji ofisini mmoja mmoja. Zamani mazungumzo hayo yalikuwa ya kupeana kazi ya kwenda nayo nyumbani: ongeza kilo nne, fanyia kazi mkono wa kushoto. Siku hizi yanaanza na swali moja tu, unabaki au unaondoka?

Tangu 2018 kuna orodha ya uhamisho. Mchezaji akishaingiza jina lake humo, kocha yeyote nchini anaweza kumpigia. Mwaka 2021 wakaruhusiwa kuhama bila kukaa nje msimu mzima, na Julai ya mwaka huohuo wakaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao. Kisha Julai 2025, baada ya maridhiano ya kesi yaliyoidhinishwa na mahakama ya shirikisho, vyuo vyenyewe vikaanza kuwalipa wachezaji, ukomo wa mwaka wa kwanza ukiwa kama dola milioni 20.5 kwa chuo, michezo yote ikijumlishwa. Wewe fikiria usajili wa Simba na Yanga, halafu fikiria kwamba mikataba ya wachezaji wote wa timu zote inaisha wiki moja. Hiyo ndiyo Aprili ya kocha. Kocha Tony Bennett, aliyekipa Chuo Kikuu cha Virginia ubingwa wa 2019, aliacha kazi Oktoba 2024, wiki chache kabla ya msimu kuanza, akasema wazi kuwa kazi ilivyogeuka si ya mtu kama yeye. Mpira haukumshinda. Soko ndilo lililomchosha.

Nakueleza haya ili uisome vizuri hiyo "afike Juni". Kocha aliyempenda mwanao Machi anaweza kumpata Aprili mtu wa miaka 23 mwenye ndevu, aliyeshacheza mechi mia moja. Vijana wa kutoka mbali ndio huambiwa "subiri kidogo". Anayesisitiza Juni ameshampangia kijana kitanda. Ni dalili njema. Si hakikisho.

Sasa Juni yenyewe. Kanuni ya NCAA inampa kocha wiki nane za kiangazi, saa nane kwa wiki, na katika hizo zisizozidi nne ndizo za mpira wenyewe. Zinazobaki ni za vyuma, mbio na vikao. Ndani ya msimu zinafika saa 20 kwa wiki, na siku moja ya kupumzika. Utaona saa nane ni chache. Ni chache kwa kocha, kwa kijana zinatosha, maana siku yake inakwenda hivi.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi yuko chumba cha vyuma. Ikiwa mwanao amekulia kwenye viwanja vyetu vya lami, huenda hajawahi kunyanyua chuma cha maana. Siku za mwanzo haongezwi uzito wowote. Anafundishwa kuchuchumaa na fimbo ya mbao mabegani. Ataona haya, kwa sababu pembeni yake yumo yule mwenye ndevu, amebeba kilo 150 na anaimba. Mwambie asiione fimbo ile kama dharau. Magoti ya watu warefu huharibikia hapo, kwa wale waliokuwa na haraka.

Saa tatu yuko darasani, somo moja au mawili ya muhula wa kiangazi. Kwangu mimi hii ndiyo faida kubwa ya Juni, kuliko hata mpira. Kiingereza anakijua, lakini mhadhiri wa kule hasemi kama mwalimu wake wa Mombasa. Anakwenda kasi, anatania, anauliza darasa swali na kusubiri mtu ajibu bila kuitwa. Septemba masomo yatakuwa manne au matano kwa mpigo. Heri ajikwae kwenye moja, Juni, wakati hakuna mechi ya ugenini Alhamisi.

Mchana wanaingia uwanjani watatu watatu na kocha mmoja, na hapo ndipo kocha hufanya kazi ambayo msimu haumruhusu. Novemba huwezi kugusa mtupo wa mtu. Ukimhamisha kiwiko Novemba, atakosa mpaka Januari na wewe utakuwa unatafuta kazi. Juni unaweza. Nilikaa na kijana mmoja wiki tano, mita mbili kutoka kwenye kikapu, mkono mmoja tu, mipira mia tatu kila siku, na haruhusiwi kurudi nyuma hata hatua moja mpaka mpira uache kuzunguka upande. Aliniita majina kwa lugha ya kwao, akidhani sijui. Sikujua, lakini sauti ilitosha.

John Wooden, kocha wa chuo cha UCLA huko Los Angeles, aliyechukua ubingwa mara 10 kati ya 1964 na 1975, kiangazi alikuwa akijifundisha yeye mwenyewe: kila mwaka mada moja tu, mathalani mitupo huru, akisoma kilichoandikwa na kuwauliza makocha wengine wanavyoifundisha. Ukipata nafasi ya kuzungumza na kocha wa mwanao, muulize kiangazi hiki anajifunza nini. Ni swali la adabu kabisa. Nimeona makocha wakubwa wakilikosea.

Jioni kuna kambi ya watoto. Karibu kila chuo wanayo: watoto mia na ushee wa mji ule, wa miaka minane mpaka kumi na mbili, wazazi wao wanalipia wiki nzima, na wachezaji wa timu ndio wanaosimamia vikundi. Usiku wa kuamkia kambi yangu ya kwanza nilikunja fulana 300 sakafuni kwenye ujia wa nje ya ofisi, na kocha mkuu, mtu wa miaka 58, amekaa chini pamoja nami anakunja zile ndogo, akilalamika mgongo. Kambi humwingizia kocha fedha, na wasaidizi wenye mishahara midogo huitegemea. Lakini pia ndiyo inayojaza uwanja: mtoto aliyefundishwa na mchezaji Juni atamvuta baba yake kwenye mechi Desemba.

Hapo kwenye kambi nina onyo. Wachezaji hulipwa. Mwanao atakuwa na viza ya mwanafunzi, na viza ile ina masharti makali juu ya kazi: ndani ya chuo tu, saa zisizozidi 20 kwa wiki muhula ukiendelea. Kambi nyingi kisheria ni biashara ya kocha binafsi, si ya chuo, hata kama zinafanyika uwanjani kwa chuo na nembo ya chuo iko kwenye fulana. Asipokee dola moja kabla ofisi ya wanafunzi wa kimataifa haijasema ndiyo, kwa maandishi. Na fedha za matangazo vivyo hivyo. Oscar Tshiebwe, mtoto wa Lubumbashi, alipokuwa mchezaji bora wa vyuo nchi nzima mwaka 2022, akiokota wastani wa ribaundi (mipira inayokosa kikapu na kurudi) zaidi ya 15 kwa mechi, fedha zile wenzake walikuwa wakizipokea kwa kupiga picha mjini Lexington yeye hakuweza kuzifanyia kazi akiwa kwenye ardhi ya Marekani. Timu yake, ya Chuo Kikuu cha Kentucky, ilipokwenda kucheza Bahamas Agosti ya mwaka huo, ndipo akafanya kazi za matangazo, huko nje. Ikiwa mtu wa kiwango kile alilazimika kuvuka bahari, wa kwako asidanganyike na mwenye duka la magari anayemtumia ujumbe usiku.

Nije kwenye swali lako zito, nani wa kumwangalia. Ni zito kwa sababu Julai kocha hayupo. Julai ni mwezi wa kuwinda. Kuna vipindi maalumu ambavyo NCAA inawaruhusu makocha kutazama wachezaji wa sekondari, na katika vipindi hivyo utawakuta mamia yao kwenye kumbi zenye viwanja vingi, wamekaa kwenye viti vya kukunja na fulana zenye nembo kubwa ili kijana wanayemtaka awaone. Mashindano mashuhuri kuliko yote ya vijana hao ni Peach Jam, huko North Augusta, South Carolina. Unalala hoteli ya barabarani, unakula baga garini, unatazama mechi sita kwa siku, na mtoto uliyemleta wewe mwenyewe kutoka ng'ambo amebaki chuoni na ufunguo wa bweni.

Kwa hiyo anayemlea mwanao si kocha. Ni watu ambao kocha amewajua, na kiasi alichowajua. Kuna mshauri wa masomo wa wanamichezo, kuna mtaalamu wa tiba ya michezo anayefunga vifundo vya miguu na kusikia siri zote, kuna kocha wa viungo, kuna meneja wa shughuli za timu anayejua basi linaondoka saa ngapi na nani hajalipa bili ya simu. Na kuna wale wasio kwenye picha ya timu: mama wa kantini, mlinzi wa usiku, mtunza maktaba.

Hapa nina habari ya Mei moja, ingawa sipendi kuisimulia. Katika chuo changu cha kwanza, ambacho sitakitaja, tulikuwa na kijana kutoka Afrika Magharibi. Mitihani ikaisha Ijumaa, bweni likafungwa Jumamosi saa sita mchana, kama kanuni inavyosema, na muhula wa kiangazi unaanza baada ya wiki mbili na nusu. Wenzake wote walifuatwa na wazazi na magari. Kocha mkuu alikuwa njiani kusaini mtu. Mimi nilikuwa njiani kusaini mwingine. Kila mmoja alidhani mwenzake amempangia kijana pa kulala. Alilala siku nne kwenye chumba cha kubadilishia nguo, juu ya mikeka ya kunyooshea viungo, akila nafaka kavu kutoka kwenye mashine ya sarafu kwa sababu kantini nayo ilifungwa. Hakupiga simu. Aliona haya, alidhani ndivyo ilivyo. Aliyemkuta ni mzee wa usafi, saa kumi na moja alfajiri, akamchukua kwake, akampa wali na maharage na chumba cha mwanawe aliyeko jeshini. Nilipata habari Jumatano, kutoka kwa mzee huyo, alinipigia yeye. Aliniuliza tu, "Huyu ni wenu?" Mpaka leo sijapata jibu zuri.

Uliza basi: bweni linafungwa lini, kantini inafungwa lini, na siku hizo mwanangu atakuwa wapi? Desemba pia, siku za Krismasi, na wiki ya mapumziko ya Machi. Kocha mzuri atakujibu palepale, kwa tarehe.

Chuo cha pili kilikuwa kingine kabisa, na hakikuwa na fedha zaidi. Kocha mkuu alikula chakula cha mchana kantini ya wanafunzi kila Jumanne, bila meza yake maalumu. Anabeba sinia, anakaa penye nafasi. Mwanzoni nilidhani ni siasa. Halafu nikagundua kwamba mchezaji akikosa darasa asubuhi, kocha anajua kabla ya saa nane mchana, na hakuna aliyetumwa kupeleleza. Mhadhiri wa historia amemwambia wakisubiri supu. Ilikuwa kama mtaani kwetu: ukifanya ujinga Chumbageni, habari inamfikia mama kabla hujavuka barabara.

Siku ya wanafunzi wapya kuingia mabwenini, Agosti, vyuo vingi huwatoa makocha na wachezaji kubeba mizigo. Kuna mpiga picha, kila mtu anatabasamu na kijisanduku cha mito. Mimi nilijifunza kuangalia nani yupo baada ya mpiga picha kuondoka. Yule kocha wetu alibeba majokofu madogo ya wanafunzi mpaka ghorofa ya tatu hadi saa kumi jioni, shati limelowa, na baba mmoja mkulima akampa dola tano za asante akidhani ni kibarua wa chuo. Alizipokea. Akazibandika ukutani ofisini. Binti wa mkulima yule hakukosa mechi hata moja mwaka huo.

Usidhani ni mtindo mpya wa kutafuta sifa. James Naismith, aliyeubuni mchezo huu Springfield, Massachusetts, Desemba 1891, alikwenda Chuo Kikuu cha Kansas mwaka 1898 kusimamia ibada za chuo na kufundisha mazoezi ya mwili. Timu ilikuwa nyongeza. Alishinda mechi 55 na kufungwa 60. Ndiye kocha pekee wa Kansas aliyefungwa kuliko alivyoshinda, na barabara inayopita mbele ya uwanja wao ina jina lake.

Lakini mfano ambao ningependa uubebe ni wa Georgetown, Washington. John Thompson, kocha wa kwanza mweusi kutwaa ubingwa wa daraja la kwanza la NCAA, mwaka 1984, aliweka ofisini mpira uliotolewa upepo. Umenywea, umekaa juu ya meza. Kila mchezaji aliyeingia aliuona, na aliujua maana yake: siku moja upepo utaisha, utabaki na nini? Na alimweka mwalimu, Mary Fenlon, asimamie masomo ya wachezaji, akimkalisha hata kwenye benchi la timu wakati wa mechi. Kijana wa Kinshasa, Dikembe Mutombo, alifika chuoni hapo mwaka 1987 kwa ufadhili wa masomo, akitaka udaktari. Mwaka wa kwanza hakuichezea timu. Kiangazi kimoja alifanya kazi ya mafunzo kwenye ofisi ya mbunge katika Bunge la Marekani, kingine Benki ya Dunia. Alihitimu 1991 na shahada za isimu na diplomasia, na hospitali aliyokuja kuijenga Kinshasa imepewa jina la mama yake. Mpira ulimpa fedha, sawa. Lakini viangazi vile viwili hakuvitumia kurusha mipira peke yake.

Sisi Watanzania wimbo wetu ni Hasheem Thabeet: kutoka Dar es Salaam mpaka Chuo Kikuu cha Connecticut mwaka 2006, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili kwa jumla kwenda NBA. Kila mzazi mwenye mtoto mrefu ameshaniuliza habari zake. Jambo wasiloniuliza ni lililokipata chuo kilekile miaka minne baadaye. NCAA huipa kila timu alama za maendeleo ya masomo, kamili ikiwa 1,000: mchezaji anafaulu? Anabaki chuoni? Timu ikishuka chini ya 930 inaadhibiwa. Mwaka 2013 Connecticut walizuiwa kucheza mashindano makubwa kwa sababu ya alama hizo, si kwa kukosa magoli. Mwaka uliofuata wakarudi na kuchukua ubingwa. Alama za kila timu hutangazwa hadharani. Zitafute za chuo cha mwanao, miaka minne ya nyuma, kabla hujatafuta video za mechi zao.

Septemba nitaipita: mbio za asubuhi, kutapika kidogo, kuzoeana. Oktoba mazoezi rasmi yanafunguliwa, siku 30 za mazoezi ndani ya siku 42 kabla ya mechi ya kwanza, na vyuo vingi huandaa mkesha. Lefty Driesell, kocha wa chuo cha Maryland, ndiye aliyeanzisha mchezo huo, Oktoba 1971: kanuni ilikataza mazoezi kabla ya tarehe 15, basi saa sita na dakika tatu usiku akawakimbiza wachezaji maili moja na nusu kwenye uwanja wa riadha, taa zikiwa za magari. Leo kuna muziki na moshi na zawadi. Mwanao atatakiwa kucheza ngoma mbele ya maelfu ya watu. Mwandae.

Sasa makaratasi, haraka. Fomu ya I-20, ile ambayo chuo humpa mwanafunzi wa kigeni ili aombe viza, ina tarehe ya kuanza masomo, na kwa viza hiyo haruhusiwi kuingia Marekani zaidi ya siku 30 kabla ya tarehe hiyo. Ikiwa fomu imeandikwa Agosti, Juni atazuiwa uwanja wa ndege, kocha apende asipende. Lazima isomeke muhula wa kiangazi. Angalia leo, kabla ya kununua tiketi. Pili, ufadhili wa mwaka wa masomo mara nyingi haujumuishi kiangazi; chuo hukilipia kando. Omba barua inayosema karo, bweni na chakula cha Juni na Julai vinalipwa na nani. Tatu, uliza kama ufadhili ni wa mwaka mmoja unaohuishwa au wa miaka minne. Na usisahau kuwa mkataba ni wa chuo. Kocha anaweza kuhamia kwingine mwanao akiwa angani, imetokea, na hapo ufadhili uliosainiwa unabaki kuwa deni la chuo. Kocha mkuu akiondoka, wachezaji hupewa dirisha lao la kuhama, ila wiki hiyo asiamue kitu kwa simu ya usiku. Akupigie wewe kwanza.

Na omba namba tatu ambazo si za kocha: ya mshauri wa masomo, ya mtaalamu wa tiba, ya ofisi ya wanafunzi wa kimataifa. Ziandike kwenye karatasi, ubandike kwenye jokofu lako Mombasa. Akikwambia "mama, mambo yako sawa" mara tatu mfululizo kwa sauti ileile, piga mojawapo. Kwa vijana wetu "sawa" ndiyo neno la kulala juu ya mkeka siku nne.

Kuhusu viatu, pumzisha miguu. Vyuo vya daraja la kwanza hupewa viatu na kampuni zenye mikataba nao, na namba 49 pale ni ya kawaida kabisa, kuna wa 52. Atapewa jozi ya kwanza ndani ya wiki, pengine siku hiyohiyo. Avae vyake vya zamani njiani, asivitupe akishafika, maana viatu vipya humtoa mtu malengelenge na fimbo ile ya mbao haisubiri. Kama miguu imevimba na hela bado ipo, mnunulie ndara za kuogea. Namba yake. Hizo hakuna kampuni inayokumbuka kuzileta, na bafu la timu lina fangasi wa kihistoria.